Sanduku la Maswali: Usiku Kundi la Wenye Sonona Linapomhitaji Mtu Mmoja Tu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wanaosimamia makundi ya WhatsApp na Telegram ya watu wanaoishi na sonona, ugonjwa ambao Kenya wengi huuita unyogovu na mitaani huitwa "mawazo" tu. Tumezijibu kwa pamoja, wauguzi wa afya ya akili na wasimamizi wa makundi ya namna hii. Barua tumezifupisha, na kila alama inayoweza kumtambulisha mtu tumeiondoa.

Tulianza 40, sasa tuko 310

*Habari za kazi, mhariri. Kundi letu lilianza na watu 40 tuliofahamiana kliniki hapa Morogoro. Kiungo kikasambaa. Leo tuko 310, wasimamizi wawili, na namba nyingine hatujui ni za nani. Juzi mmoja ametuma tangazo la mikopo, mwingine amemfuata dada mmoja pembeni akimwomba picha. Tufanye nini bila kuwafukuza wanaohitaji msaada?*

Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, fungua mipangilio ya kundi. Weka upya kiungo ili cha zamani kife, washa idhini ya msimamizi kwa kila anayeomba kuingia, na uzime ruhusa ya wanachama kuongeza wenzao. Aliyeomba picha aondolewe leo, bila onyo la kwanza wala la pili. Wa mikopo anaweza kuonywa mara moja.

WhatsApp inakubali hadi watu 1,024 katika kundi moja, lakini hicho ni kipimo cha mtambo. Macho ya msimamizi yana kipimo kingine. Katika kundi la watu 310 ujumbe wa mtu aliyezidiwa unafunikwa ndani ya dakika chache na salamu za asubuhi, na yeye anaamini wameuona wote na wote wamenyamaza. Sisi tunashauri watu 30 hadi 50, wasimamizi watatu au wanne. Gaweni kundi kwa eneo au kwa hali ya maisha, kwa mfano kinamama waliopata sonona baada ya kujifungua wawe na lao. Msigawe kwa uzito wa ugonjwa. Mkiwakusanya waliozidiwa wote mahali pamoja, hakuna atakayebaki na nguvu za kumshika mwenzake.

Kila anayebisha hodi aulizwe pembeni mambo matatu. Je, umetimiza miaka 18? Aliye chini ya hapo apewe namba 116, simu ya watoto ya bure Tanzania na Kenya. Uko wilaya gani na mtaa gani? Na la mwisho ndilo lenye uzito: ni nani tumpigie ukizidiwa, na je, unaturuhusu kumpigia hata kama siku hiyo hutapokea simu yetu? Namba ya simu haikuambii mtu yuko Kihonda au Kigoma, na saa 8 usiku si wakati wa kuanza kuuliza. Majibu yaandikwe kwenye daftari linalofungiwa kabati, na nakala ibaki kwa msimamizi mmoja mwingine.

Usidai cheti cha hospitali mlangoni. Wala usiwajazishe watu fomu ya kupima sonona ya PHQ-9, ile ya maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita yenye alama 0 hadi 27. Swali lake la tisa linagusa mawazo ya kufa na ya kujidhuru. Ukilikusanya umejifunga kulijibu saa hiyohiyo, na fomu 40 zilizokaa kwenye simu bila kusomwa ni hatari kuliko kutouliza.

Hao 310 wapeni siku 7 za kujibu maswali matatu. Asiyejibu aagwe kwa ujumbe wa pembeni wenye namba za msaada na maneno kwamba akitaka kurudi mlango upo.

"Nawaaga wote, nisameheni"

*Mhariri, shikamoo. Tuko Mwanza. Saa 7 usiku dada mmoja aliandika maneno hayo kundini. Nusu saa haikupita, jumbe zaidi ya 60 zilikuwa zimeshuka. Wengine waliweka aya, mwingine alimwambia awafikirie watoto wake, mwingine alimtafuta kaka yake akampigia. Dada akatoka kundini na kuzima simu. Asubuhi tulimpata, yu mzima, ila hataki tena kusema nasi. Tulikosea wapi?*

Marahaba. Poleni sana, na tunashukuru kwamba yu mzima. Upendo haukupungua usiku ule. Kilichoharibu ni wingi. Mtu aliye ukingoni hawezi kusikia sauti 60 kwa pamoja, na kila simu iliyotetemeka ilimwongezea aibu ya kuangaliwa na watu wengi. Usiku wa namna ile unahitaji watu watatu wenye kazi tatu, waliopangwa wiki nyingi kabla.

Wa kwanza anafunga kundi, yaani anabadili mpangilio ili wasimamizi tu ndio waandike. Kisha anabandika ujumbe ulioandaliwa mapema: "Tumeuona ujumbe wa mwenzetu. Msimamizi yuko naye sasa. Kundi limefungwa hadi asubuhi. Aliyeguswa aniandikie mimi pembeni, nitajibu." Baada ya kupiga picha ya skrini kwa ajili ya wasimamizi, anaufuta ule ujumbe wa kuaga kwa wote, hasa ukiwa umetaja njia au mahali. Wapo wengine humo ndani wanaosoma wakiwa na mawazo yaleyale.

Wa pili anafungua daftari na kuandaa namba ya mtu wa karibu, mtaa, na hospitali iliyo jirani. Hapigi bado, anasubiri neno la wa tatu.

Wa tatu ndiye anayezungumza na mgonjwa, na ni yeye peke yake. Anapiga simu. Isipopokelewa anatuma ujumbe mfupi wa sauti, kwa sababu sauti inafikisha kile ambacho maandishi hayafikishi: "Nimesoma ulichoandika. Niko hapa, sina haraka. Naomba nikuulize wazi, unafikiria kujiua usiku huu?" Wengi wanaogopa swali hilo wakidhani linampandia mtu wazo. Halipandi. Mwenye wazo hilo huwa amelibeba muda mrefu bila kuruhusiwa kulitaja, na kuulizwa waziwazi kunamtua. Swali la kuzunguka ndilo baya: "Hutafanya jambo la kijinga, eti?" Hilo limeshamwekea jibu mdomoni.

Akisema ndiyo, endelea taratibu. Umefikiria utafanyaje? Hicho kitu kiko karibu nawe sasa? Umekunywa pombe? Uko na nani hapo? Usimwombe maelezo ya njia zaidi ya hapo. Unachopima ni mambo mawili, kama ana mpango na kama kilicho katika mpango huo anakifikia kwa mkono.

Akiwa na vyote viwili, au akiwa ameshameza kitu, siri imeisha. Mwambie: "Namwomba mwenzangu ampigie dada yako sasa hivi. Mimi nabaki nawe kwenye simu." Usifanye kimyakimya, akigundua atakata. Msimamizi wa pili apige na aseme mambo kwa mpangilio: nenda kwake sasa, usimgombeze, usimwache peke yake hata msalani, ondoa dawa zote na dawa za shambani zilizopo nyumbani, mpelekeni kitengo cha dharura cha hospitali. Kama ni bodaboda, basi awe na mtu nyuma yake. Aliyemeza kitu apelekwe hata akionekana hana neno, na chupa au pakiti iende naye. Msimlazimishe kutapika.

Asipokuwa na mpango, bado usiage mpaka mkubaliane usiku huu utapitaje: nani atalala chumba cha pili, nini kitatolewa chumbani, na saa ngapi asubuhi utampigia. Kiapo cha "niahidi hutafanya" hakimlindi. Kinamtuliza aliyeomba kiapo tu.

Sasa turudi kwenye zile jumbe 60. "Wafikirie watoto wako" yanasemwa kwa nia njema, lakini sonona imeshamwambia kwamba yeye ni mzigo kwa watoto haohao, kwa hiyo neno hilo linamthibitishia kuwa ameshindwa hata umama. Aya zinaweza kumfaa kesho, kutoka kwa mtu anayemwamini. Zikishuka kumi mfululizo saa 7 usiku, anasikia kwamba imani yake imepungua. Na kumpigia kaka hakukuwa kosa kwa sababu ya kupiga. Lilikuwa kosa kwa sababu hakuna aliyejua kama kaka huyo ni kimbilio au ni sehemu ya ugomvi. Ndiyo maana mtu wa kupigiwa lazima achaguliwe na mwenyewe siku ya kuingia.

Kuhusu polisi: kwa Tanzania, Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, ndiyo sababu familia nyingi huficha na kuchelewa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kilichofanya hivyo kinakiuka Katiba. Sisi tunaanza na mtu wa karibu na hospitali. Ila kama hakuna anayeweza kumfikia na maisha yako hatarini, pigeni 112 bila kusita. Kuchelewa ni kubaya kuliko kesi.

Namba za kuweka kwenye maelezo ya kundi: Tanzania 199 ya Wizara ya Afya na 112 ya dharura, Kenya 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hospitali za kukimbilia: kwenu Mwanza ni Bugando. Muhimbili iko Dar es Salaam, Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Zanzibar, Mathari Nairobi. Kila tarehe 1 ya mwezi msimamizi mmoja azipige zile namba kuhakikisha zinapokelewa. Namba iliyokufa ikimkuta mtu aliyezidiwa, inamwambia kitu kibaya sana.

Kwa dada yenu: mtumieni ujumbe mmoja, kutoka kwa mtu mmoja, usiodai jibu. "Hatujakukasirikia. Nafasi yako ipo. Nitakuandikia tena Alhamisi." Kisha Alhamisi mwandikieni kweli. Akirudi kundini, asisimuliwe wala asiulizwe mbele za watu.

Anayeuza unga na kukataza dawa

*Mwanachama wetu mmoja anasema dawa za hospitali zinalevya, na yeye aliziacha akapona kwa maombi na unga wa mitishamba anaouuza. Watu watatu wameacha dawa. Nikimkemea nitaonekana napinga dini.*

Biashara kwanza: anayeuza tiba ndani ya kundi la wagonjwa anaondolewa, hata kama kinachouzwa ni asali.

Dawa za sonona kama fluoxetine hazileti ulevi wala uteja kama wa pombe. Ugumu wake ni wa mpangilio wa muda. Kichefuchefu, kichwa kuuma na kukosa usingizi vinaweza kuja siku za mwanzo, wakati nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4 na kukomaa baadaye. Katika pengo hilo mtu anaona adhabu bila faida, na hapo ndipo muuza unga anapompata. Kundi linaweza kufanya kazi kubwa hapo kwa kumwambia mgeni, "wiki ya kwanza nami niliipitia." Kuacha ghafla nako kunaleta kizunguzungu, hasira za karibu na usingizi mbovu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dawa ifikiriwe kusimamishwa mtu akiwa amekaa miezi 9 hadi 12 bila dalili, na ipunguzwe taratibu kwa wiki 4 au zaidi, chini ya mtoa huduma.

Hivyo kanuni iwe hivi: mtu anaruhusiwa kutaja dawa anayotumia, alivyojisikia, na swali atakalolipeleka kliniki. Haruhusiwi kutaja miligramu, kumgawia mwenzake vidonge, wala kumwambia aache. Wale watatu waandikieni mmoja mmoja, muwaulize walimeza lini mara ya mwisho, muwahimize warudi kliniki wiki hii. Wasianze tena wenyewe kwa dozi ya zamani.

Maombi hayazuiwi. Zuieni nafsi ya pili. "Mimi nikisali napata usingizi" ni ushuhuda, na kundi linauhitaji. "Wewe huna imani" ni hukumu, na inafutwa. Kanuni hiyo moja ya kusema "mimi" badala ya "wewe" inatatua nusu ya ugomvi wa makundi haya, wa dini na usio wa dini.

Picha ya skrini imefika ofisini

*Niko Nairobi. Niliandika kundini kuhusu kulazwa kwangu, na wiki iliyofuata bosi alikuwa nayo kwa simu yake. Wasimamizi wanasema hawana la kufanya.*

Pole sana, dada. La kufanya lipo. Wangekusaidia kumtafuta aliyevujisha, aondoke siku hiyohiyo, na kundi zima liambiwe kwamba siri imevunjwa, bila kukutaja, ili kila mtu aamue mwenyewe ataandika nini tena. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 (Tanzania ina yake ya 2022), na habari za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Weka tarehe, nakala, na majina ya waliokuonyesha.

Kwa wasimamizi: hakuna mpangilio wa WhatsApp unaozuia picha ya skrini ndani ya soga ya kundi. Ule wa faragha ya ziada uliokuja 2025 unazuia mambo kama kuhamisha soga nje na picha kujihifadhi zenyewe kwenye simu, lakini si picha ya skrini. Na katika kundi la kawaida kila mwanachama anaiona namba yako. Telegram inakuwezesha kuificha na kutumia jina la kubuni, kwa hiyo panapoogopwa kazi au ndoa tunashauri huko. Jumbe zinazojifuta baada ya siku 7 zinasaidia, ila zinamnyima msimamizi kumbukumbu ya mtu aliyekuwa akizama pole pole. Anayewasha mpangilio huo awe na daftari la zamu linaloandikwa kila jioni.

Mmoja anaandika jumbe 80 kwa siku

*Anateseka kweli, lakini wengine wameanza kutoka. Tumnyamazishe?*

Msimnyamazishe mbele za watu. Mfuateni pembeni na mwambieni ukweli: "Tunakusoma. Kundi peke yake halikutoshi kwa sasa." Kisha mpeni vitu viwili: msimamizi mmoja wa kuzungumza naye dakika 20 kila siku kwa saa ileile, na msaada wa kupata miadi ya kliniki, hata ikibidi kumsindikiza. Jumbe 80 kwa siku mara nyingi ni dalili kwamba hali imepanda, na tungemuuliza lile swali la wazi kuhusu kujiua kabla ya kulalamikia wingi wake.

Kundini wekeni alama ya ujumbe mzito. Mwandishi anaanza na maneno "UJUMBE MZITO", anaacha mistari tupu ya kutosha hadi simu ionyeshe "soma zaidi", ndipo anaandika. Asiyeweza kuubeba usiku huo anaupita.

Kutoka Muscat

*Wenzetu wengi hapa ni wafanyakazi wa ndani. Akizidiwa mmoja wetu, msimamizi aliye Tanga anaweza kupiga 112?*

Akipiga atapata Tanzania. Oman ni 9999, na lazima ipigwe na mtu aliye huko. Katika daftari lenu kila mwanachama awe na jirani yake wa Oman, maana mwajiri huwa anashika simu na pengine pasipoti pia. Vivyo hivyo kwa walio Marekani, 988, simu yao ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, ni kwa anayepiga kutoka hukohuko.

Sisi si madaktari. Na tumechoka

*Wasimamizi wote tuna sonona wenyewe. Mimi sijalala vizuri tangu mwezi wa tatu. Je, tunaruhusiwa hata kufanya kazi hii?*

Mnaruhusiwa, na yapo ya kujifunza. Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa mitaani kukaa benchi na wagonjwa wa kufungisisa, "kufikiri kupita kiasi" kwa Kishona. Matokeo ya utafiti wa mpango huo yalichapishwa 2016 na yalionyesha dalili zikipungua kwa waliokaa na bibi hao, na benchi hilo limefika Zanzibar pia. Lakini angalieni lililowawezesha bibi wale: walifundishwa, walikuwa na mtu juu yao wa kumpelekea walioshindikana, na benchi lilikuwa na saa za kufunguliwa na kufungwa.

Kundi lenu nalo lifungwe. Saa 5 usiku mpangilio ubadilishwe, namba za msaada zibandikwe, na lifunguliwe saa 12 asubuhi. Tunajua usiku ndio sonona inapouma, na baadhi yenu mtaona tunawanyima watu wakati wanapohitaji. Kundi lililo wazi usiku bila mtu wa zamu ni ahadi isiyotimizwa, na hilo linaumiza kuliko mlango uliofungwa wenye maelekezo. Mkipata watu wa zamu za usiku, fungueni.

Zamu isizidi saa 3, na msimamizi asiwe na zaidi ya siku 3 kwa wiki. Baada ya usiku mzito, wiki nzima hana zamu. Mpateni muuguzi wa afya ya akili au ofisa ustawi wa jamii wa wilaya akae nanyi saa 1 kila baada ya wiki 2, mzungumze yaliyowaelemea. Wewe uliyeandika, ukikosa usingizi tangu mwezi wa tatu, ondoka kwenye zamu leo na urudi kliniki kama mgonjwa. Mkabidhi mwenzako daftari, na mwombe akuondoe usimamizi kwa mwezi mmoja ili simu yako isikuite.

Na bando lisitoke mfukoni mwa mmoja. Wekeni mchango mdogo wa kila mwezi kwa wanaoweza, na sehemu yake iwe vocha ya dharura kwenye simu ya zamu, maana msimamizi anayeishiwa salio katikati ya mazungumzo yale hana njia ya kumpigia tena.